Binti yangu mgonjwa anauliza kama Mungu amemkasirikia

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nachingwea. Binti yangu wa pili ana miaka tisa. Tangu mwaka jana anaumwa saratani ya damu, tunatibiwa Muhimbili na sasa tumerudi nyumbani kusubiri tarehe nyingine. Zamani alipenda sana kusali. Siku hizi ananiuliza, "Mama, Mungu amenikasirikia?" na kuna siku anakataa kusali kabisa. Hajapokea Komunyo ya kwanza. Katekista anasema amalize kwanza mwaka wa pili wa mafundisho, na yeye hawezi kukaa darasani. Nilipomtajia mama yangu Mpako wa Wagonjwa alilia, akasema ukimpaka mtoto mafuta ndiyo unamuaga. Kaka yangu naye anataka tumpeleke kwa mtumishi anayeombea wagonjwa, ambaye masharti yake ni mgonjwa aache dawa kuonyesha imani. Nifanye nini?

JIBU: Milele, amina. Pole sana, mama. Naanza na la kaka yako, kwa kuwa hilo haliwezi kungoja.

Dawa zisisimame hata siku moja bila daktari kusema. Matibabu ya saratani ya damu kwa mtoto huchukua miaka miwili hadi mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa: anacheza, anakula, nywele zinaanza kurudi. Chembe za ugonjwa zilizobaki ndani ya uboho wa mifupa hazionekani kwa macho. Ukikatisha, zinazaliana upya, na mara nyingi zinarudi zikiwa sugu kwa dawa zilezile. Kama miongoni mwa dawa zake kuna vidonge vya prednisoloni, hatari ni ya haraka zaidi. Mwili uliozoea vidonge hivyo huacha kutengeneza homoni yake wenyewe, hivyo mtoto akivikatiza ghafla anaweza kutapika, kuishiwa nguvu na kuzimia. Halafu kuna homa. Nunua kipimajoto kama huna. Mtoto anayetibiwa saratani akifika nyuzi 38 au zaidi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usimpe panadoli na kungoja asubuhi, maana panadoli inaficha homa huku maambukizi yakienea. Mtoto wa namna hii akikutwa na homa katikati ya mkesha wa maombi, kila saa inayopita inamhatarisha.

Kanisa halijawahi kudai mgonjwa athibitishe imani yake kwa kuacha dawa. Msomee kaka yako sura ya 38 ya kitabu cha Yoshua bin Sira, kilichomo katika Biblia ya Kikatoliki. Pale mgonjwa anaambiwa asali na kutubu, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa sababu Bwana ndiye aliyemuumba tabibu na ndiye aliyetoa dawa ardhini. Yote mawili yamo katika ushauri mmoja. Najua kwetu Kusini neno la mjomba lina uzito, na kumpinga mbele ya watu kutaleta ugomvi utakaomchosha mtoto. Kwa hiyo usimpinge barazani. Mwombe akusindikize safari ijayo ya Muhimbili, aingie nawe kwa daktari, aulize maswali yake yote yeye mwenyewe. Mjomba akishaelewa ugonjwa, mara nyingi ndiye anayekuwa mlinzi wa tarehe na mtafutaji wa nauli. Maombi anayoyataka yafanyike nyumbani, dawa zikiwa mezani.

Lakini kuna sababu nyingine ya kumkwepa mtumishi huyo, nayo inagusa swali la binti yako moja kwa moja. Mtoto wa miaka tisa akiambiwa "ukiamini utapona", anasikia upande wa pili wa maneno hayo bila kufundishwa: nisipopona, ni kwa sababu sikuamini vya kutosha. Vipimo vikirudi vibaya, atakuwa na ugonjwa na hatia juu yake. Tafadhali sentensi hiyo isitamkwe karibu na kitanda chake na mtu yeyote, hata na wanajumuiya wenye nia njema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1508, inakiri wazi kwamba hata sala zenye bidii kubwa haziponyi kila ugonjwa, na inamtaja Mtakatifu Paulo, aliyeomba akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Kama Paulo hakukosa imani, binti yako naye hakukosa.

Sasa lile swali lake. Akiuliza, "Mungu amenikasirikia?" jibu la kwanza liwe fupi na lisilo na masharti: "Hapana, mwanangu. Hajakukasirikia." Kisha ongeza yale ambayo watoto wengi wanayaficha: "Ugonjwa huu haukuja kwa sababu ya kitu ulichofanya, wala ulichosema, wala ulichowaza." Usiache hilo la kuwaza. Watoto wa umri wake huamini kwa urahisi kwamba wazo baya linaweza kuleta baya. Huenda aliwahi kumtamania mdogo wake afe siku waliyogombana, na sasa anahesabu ugonjwa kuwa ndiyo malipo. Ukishasema hayo, nyamaza, kisha umuulize taratibu, "Nini kimekufanya uwaze hivyo?" Hapo ndipo utakaposikia swali lenyewe. Pengine amesikia mtu akinong'ona jikoni kwamba amechezewa, au kwamba ni laana ya ukoo, au mwenzake shuleni amemwambia anaumwa kwa sababu haendi kanisani. Kila moja ya hizo inahitaji jibu lake, na huwezi kulijibu usilolisikia.

Mfungulie Injili ya Yohane sura ya 9. Wanafunzi wanamuuliza Yesu kuhusu kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu anakataa yote mawili. Mtoto anaelewa haraka kwamba hata watu wazima waliokaa na Yesu waliwahi kuuliza kama yeye, na walikosea. Upande wa kitabibu mweleze pia kwa maneno yake: ndani ya mifupa kuna mahali damu inapotengenezwa, na baadhi ya chembe changa za damu ziliharibika zikaanza kuzaana bila mpangilio. Hakuna aliyezitia. Kwa watoto wengi wenye ugonjwa huu madaktari hawaoni chanzo chochote ambacho familia ingeweza kukizuia.

Kuhusu kukataa kusali: usimlazimishe, na usimwonyeshe kwamba umeogopa. Katekisimu, namba 1501, inasema ugonjwa unaweza kumfikisha mtu kwenye uchungu na hata kumwasi Mungu. Hilo limeandikwa juu ya waamini. Zaburi ya 22 inaanza na mtu anayemlalamikia Mungu kwa kumwacha, na ndiyo maneno ambayo Yesu aliyatamka msalabani. Mwambie anaweza kumwambia Mungu, "Sipendi. Nimechoka kuchomwa sindano." Hiyo ni sala, na asilazimishwe kuimalizia kwa "lakini nakushukuru". Siku asizotaka, sali wewe kwa sauti ya chini kando yake, sala isiyozidi dakika mbili: Baba Yetu moja na Salamu Maria tatu zinatosha. Rozari nzima kwa mtoto mwenye kichefuchefu ni mzigo.

Tena angalia kalenda ya dawa zake. Ile prednisoloni niliyoitaja huwapa watoto njaa isiyoshiba na hasira za ghafla. Anaamka saa nane za usiku anataka ugali, anamfokea mdogo wake, analia bila sababu, kisha anajiona ni mtoto mbaya ambaye Mungu hawezi kumpenda. Ukiona ukaidi wake unapanda siku za vidonge na kushuka vinapoisha, mwonyeshe hilo kwenye kalenda kwa kidole. Dhambi inahitaji kujua na kutaka. Dawa inayomwasha hasira haimfanyi mwenye dhambi. Padre atakayemwungamisha aambiwe mapema juu ya dawa hizi, ili asiyachukue malalamiko ya mtoto dhidi yake mwenyewe jinsi yalivyo.

Ipo siku atauliza, "Nitakufa?" Usiape kwamba hatakufa, kwa maana watoto wa umri huu wameshaelewa kwamba kifo hakirudi nyuma, na wodini amekwishaona vitanda vikibaki tupu. Mrudishie swali kwanza, ujue amesikia nini. Kisha mwambie kweli kwa kipimo anachokiomba: ugonjwa ni mzito, madaktari wanautibu, hakuna anayejua yote, na mama yako atakuwa nawe popote. Akiuliza zaidi, jibu zaidi. Akigeukia mdoli wake, mwache. Na sentensi moja naomba uikataze nyumbani kwako: "Mungu huwachukua watoto wazuri awe nao kama malaika." Husemwa kwa upendo, lakini kwa mtoto maana yake ni kwamba Mungu anawinda watoto wazuri, na njia ya kubaki hai ni kuwa mbaya.

Twende kwenye Mpako. Mama yako hakuzua hofu yake. Kwa muda mrefu padre aliitwa mgonjwa akiwa anakata roho, na watu wa rika lake walikua wakiona mafuta na kifo vikiingia kwa mlango mmoja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1963, uliweka wazi kwamba sakramenti hii si ya wale tu walio katika dakika za mwisho, na kwamba wakati wake unaofaa ni pale hatari inapoanza kutokana na ugonjwa au uzee. Kanuni ya 1004 ya Sheria ya Kanisa inarudia hivyo, na inaruhusu mgonjwa apakwe tena akipona na kuugua upya, au hatari ikizidi katika ugonjwa uleule. Sakramenti ya kuaga ni nyingine: ni Pamba ya Njiani, yaani Ekaristi anayopewa anayekaribia kufa. Mweleze bibi hivyo, kisha mwombe ashike mshumaa siku hiyo. Akiona mjukuu anapakwa mafuta na kesho yake anadai uji, atakuwa amefundishwa vizuri kuliko kwa maneno yangu.

Mtoto anayeweza kutofautisha mema na mabaya anastahili kupakwa. Sheria inachukulia kwamba miaka saba inatosha, na pakiwa na shaka apewe, kanuni ya 1005. Anayepaka ni padre au askofu tu. Katekista, sista, hata shemasi hawawezi. Padre huweka mikono juu ya kichwa cha mgonjwa kimya, kisha humpaka mafuta kwenye paji la uso na mikononi. Mwandae binti kwa kumwambia mafuta hayaumi wala hayachomi. Mtoto aliyezoea wodi hudhani kila mtu anayemjia na kichupa ana sindano nyuma yake. Kama mkono una kanula, yaani kibomba cha dripu, na plasta, padre auache. Panapo haja, paji la uso pekee linatosha.

Komunyo ya kwanza. Katekista anafuata ratiba ya parokia, na ratiba ina sababu zake. Lakini miaka miwili ya mafundisho ni utaratibu wa kichungaji, si sharti la sheria ya Kanisa. Kanuni ya 913 inadai mtoto awe na maarifa ya kutosha na maandalizi mazuri kwa kadiri ya uwezo wake, na akiwa katika hatari ya kufa inatosha aweze kutofautisha Mwili wa Kristo na chakula cha kawaida na kuupokea kwa heshima. Kanuni ya 914 inawapa wazazi na paroko wajibu wa kuhakikisha mtoto mwenye akili timamu anaandaliwa na kulishwa mapema iwezekanavyo. Anayeamua ni paroko. Kwa hiyo anzia kwa mwenyekiti wa jumuiya na katekista wa kigango, kwa heshima, kisha mwende pamoja kwa paroko mkiwa na cheti cha ubatizo na barua ya hospitali inayoeleza ugonjwa. Muulize paroko na juu ya Kipaimara. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, padre yeyote anaweza kumpa bila kungoja askofu, kanuni ya 883. Hakikisha kila sakramenti imeandikwa kwenye vitabu vya parokia, ili akipona asije akaambiwa arudie foleni.

Maandalizi yafanyike nyumbani, dakika kumi na tano kila mara, siku anazoamka na nguvu. Anahitaji kujua vizuri mambo machache: Yesu ni nani, alifanya nini usiku wa Alhamisi Kuu, kwa nini tunasema mkate ule ni yeye mwenyewe, na namna ya kusema pole kwa Mungu. Mwombe katekista hostia zisizowekwa wakfu muifanyie mazoezi. Hilo si la kupuuza, kwani dawa za saratani huacha vidonda mdomoni, na hostia kavu hunata kwenye kaakaa na kuuma. Kipande kidogo kama ukucha wa kidole chake cha mwisho ni Komunyo kamili, kisha anywe funda la maji. Asipoweza kumeza kitu kigumu, padre anaweza kumpa matone ya Damu ya Kristo kwa kijiko. Mpange naye kabla, maana hapo atahitaji kuadhimisha Misa karibu au nyumbani kwenu. Chagueni saa ambayo dawa ya kuzuia kutapika imeshafanya kazi. Akitapika hata hivyo, hajatenda kosa: pokea kwa kitambaa safi, mkabidhi padre, mfute mtoto uso, umwambie Yesu hajaondoka.

Siku yenyewe tandika meza ndogo kitambaa cheupe, weka msalaba, mshumaa mbali na chandarua, na glasi ya maji ya kunywa. Nje ya mlango weka ndoo yenye koki na sabuni, na kila anayeingia anawe, padre akiwemo. Mtoto aungame kwanza, nyote mkiwa mmetoka. Wewe pia toka, asione aibu. Kisha Mpako, mwisho Komunyo. Atavaa nguo nyeupe kama ataipenda. Kama tumbo limevimba na gauni halimwenei, khanga mpya nyeupe inapendeza vilevile.

Jumuiya itataka kuja yote, na utaogopa kuwakatalia. Chembe nyeupe za damu yake, zile zinazomkinga na maambukizi, zikiwa chini, kikohozi cha mtu mzima kinaweza kumlaza hospitali. Waingie wawili watatu wasio na mafua, wengine wakae barazani. Watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto cha Kanisa, waimbe nje ya dirisha. Asiyeelewa mkumbushe sura ya 5 ya Injili ya Marko: kwa binti Yairo, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, Yesu aliwatoa nje waliokuwa wakilia na kupiga kelele, akaingia na wazazi na wanafunzi watatu tu, na alipomwinua akaagiza apewe chakula. Kwa sababu hiyohiyo ya maambukizi, akienda kanisani asichovye vidole kwenye maji ya baraka ya mlangoni ambayo kila mtu ameyagusa. Chukua yako kwenye chupa safi.

Akitaka kufunga Kwaresima ili Mungu amponye, mkatalie kwa upole. Sheria ya kufunga inaanza miaka 18, ya kuacha nyama miaka 14, na mgonjwa hafungwi nayo. Kumtolea Mungu maumivu ni jambo jema likitoka kwake mwenyewe, lakini asiagizwe kamwe, na lisiwe sababu ya kumnyima dawa ya maumivu. Hata mofini ya maji, daktari akiiandika, Kanisa halina tatizo nayo. Ukimsimulia Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki kwa saratani ya damu tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, simulia pia kwamba alipenda kompyuta na mpira, na usimwambie "uwe jasiri kama yeye". Hajatakiwa kuwa jasiri mbele yako.

Kama nyumba nyingi za Kusini, huenda nawe una ndugu Waislamu wanaotaka kumsomea dua. Wapokee kwa shukrani, wanawe mikono kama wengine, na mtoto aone kwamba ukoo mzima unamwombea.

Mwisho, wewe. Kanuni ya 919 inamwondolea mgonjwa ile saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo, na inamwondolea pia anayemuuguza. Padre akija, kama umelala macho ukanywa chai alfajiri, usijizuie. Mwombe akuungamishe kabla hajaingia kwa mtoto, kisha wewe na mtoto mpokee Komunyo pamoja.